Mama, Tazama Vidole Vyake

Desemba 2016, msimu wa maembe, nilirudi nyumbani saa mbili asubuhi kutoka zamu ya usiku. Nikamkuta kitinda mimba wangu, mwenye miaka sita wakati huo, ameketi mkekani barazani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa sana, kiganja karibu kiguse bega, na umefungwa vibanzi vya mianzi na vipande vya khanga kuanzia juu hadi karibu na kifundo. Bibi yake alikuwa akimnywesha uji.

"Usishtuke, mwanangu," mama mkwe aliniambia. "Jana jioni alianguka kwenye mwembe. Ningekusumbuaje kazini? Nimemwita mzee alfajiri, amemfunga. Mfupa umekwisha kukaa mahali pake."

Mzee huyo wa kuunga mifupa anajulikana tarafa nzima. Ndiye aliyemtibu kaka yake mama mkwe alipovunjika mkono, na kaka huyo analima mpaka leo. Kwa hiyo mama mkwe hakufanya uzembe. Alifanya lile analoliamini, tena alimlipa mzee kwa fedha yake ya kuku.

Sikumjibu. Nilipiga magoti mkekani nikashika vidole vya mwanangu. Vilikuwa vimevimba kama ndizi sukari, rangi imepauka, na baridi kama vimetoka mtungini. Nilipomwambia avichezeshe, hakuweza. Nikakiinua kidole cha kati polepole ili kukinyoosha, akapiga yowe mpaka kuku wakakimbia uani.

Niliingia ndani kuchukua mkasi. Mama mkwe alisimama mlangoni. "Unaharibu kazi ya mzee!"

"Mama, nipishe!"

Tangu niolewe sikuwahi kumpandishia sauti mama mkwe wangu. Siku hiyo nilimpandishia, na majirani walisikia. Nilikata khanga yote, nikatoa vibanzi, nikauacha mkono ulegee pale ulipopata nafuu, umekunjwa kidogo tu. Nikakata boksi la kartoni, nikaliweka chini ya mkono na kulifunga kwa kulegeza, tukapanda bajaji.

Kwa nini nilitetemeka vile? Ndugu msomaji, hapo inabidi nirudi nyuma hadi mwaka 2004. Jambo hili sijawahi kulisimulia hadharani, hata katika kikundi chetu cha maombi ambako tumezoea kuambiana mengi.

Nilikuwa muuguzi mpya, stashahada yangu bado inanukia wino. Nilipangiwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto, wauguzi wawili kwa wodi nzima. Kitanda cha pili kutoka mlangoni kilikuwa na binti wa miaka saba aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli. Mchana walikuwa wamemfunga plasta ngumu iliyozunguka mkono wote, kiwiko kimekunjwa sana. Saa nne usiku mama yake alikuja mezani kwangu. "Sista, mtoto analia." Nikampa dawa ya maumivu. Saa sita akarudi. Nikamwambia mfupa ukivunjika lazima uume, avumilie. Saa nane akarudi tena, na safari hii nilimjibu kwa ukali kwamba anawaamsha watoto wa wenzake. Nikamwongezea mtoto dawa.

Sikuvishika vidole vyake hata mara moja. Sikumwita daktari wa zamu, kwa maana alikuwa mkali kwa anayemwamsha bila sababu kubwa, nami nilimwogopa. Karibu na alfajiri yule binti akanyamaza, nikashukuru kwamba dawa imefanya kazi. Kumbe mkono ulikuwa umekufa ganzi.

Asubuhi plasta ilipokatwa, madaktari walimkimbiza chumba cha upasuaji wakampasua ngozi ya mkono ili kuondoa msongo ndani. Saa zilikuwa zimekwisha kupita. Miezi kadhaa baadaye nilimwona kliniki. Kifundo kimepinda kuelekea ndani, vidole vimejikunja kama kucha za kuku aliyechinjwa, anashika kalamu kwa mkono wa kushoto ambao haukuwa mkono wake wa kuandikia. Mama yake alinisalimia kwa adabu, "Habari za kazi, sista." Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

Ulemavu ule una jina katika vitabu vyetu, jina la daktari mpasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliyeuandika mwaka 1881. Hivyo haukuwa ugonjwa mgeni. Nilikuwa nimeusoma chuoni na nikajibu swali lake kwenye mtihani.

Nieleze kidogo jinsi unavyotokea. Mtoto anapoanguka hutanguliza kiganja, na uzito wote hupanda mpaka kwenye kiwiko. Juu kidogo ya kiwiko, mfupa wa mkono wa juu umekuwa mwembamba na bapa, na hapo ndipo unapovunjika. Hutokea zaidi kwa watoto wa miaka mitano hadi saba. Mbele ya mahali hapo hapo panapita mshipa mkubwa unaopeleka damu mkononi, pamoja na mishipa ya fahamu. Ncha ya mfupa inaweza kuubana mshipa, au hata kuuchana. Tena nyama za mkono zimefunikwa na utando mgumu, mithili ya soksi isiyotanuka. Nyama zikivimba ndani ya soksi hiyo, damu haipiti, na baada ya saa chache tu, sita hivi, nyama huanza kufa. Sasa wewe ongeza juu yake vibanzi vilivyokazwa. Au plasta. Plasta ya hospitali inaua mkono sawasawa na khanga ya mzee kama imekazwa na hakuna anayeitazama. Mimi ni shahidi wa hilo.

Dalili ya kwanza si kidole kuwa cheusi. Mtu akingoja weusi amechelewa. Dalili ya kwanza ni mtoto asiyetulia, anayeomba dawa, anapewa, na anaomba tena. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, na ukimnyooshea vidole analia kupita kiasi. Yule mama wa mwaka 2004 alikuja mezani kwangu mara tatu kuniletea dalili hiyo mkononi, nami nikamrudisha nayo.

Turudi kwa mwanangu. Hospitalini kwetu walipiga eksirei wakatupa gari la wagonjwa mpaka hospitali ya rufaa. Daktari wa mifupa aliyetupokea alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nilimpa picha, akaiweka kando. Kwanza alimshika mtoto mkono. Akatafuta mapigo kwenye kifundo, hakuyapata. Akakikunjua kiwiko kidogo, taratibu sana, akatulia na vidole vyake pale pale. Kisha akaniambia, "Mama, weka mkono wako hapa." Mapigo yalikuwepo! Membamba kama uzi, lakini yalikuwepo. Baada ya muda vidole vikaanza kupata joto na wekundu. Sijui kama nililia kwa sauti au kimoyomoyo.

Halafu akacheza na mtoto michezo mitatu. Nyoosha dole gumba juu. Panua vidole kama unataka kushika mpira, kisha vipishanishe. Fanya duara kwa kidole gumba na cha shahada. Kila mchezo unapima mshipa mmoja wa fahamu. Miwili ya kwanza aliiweza, kwa shida. Duara lilimshinda, vidole vikakutana bapa kama mtu anayefinya chumvi. Daktari alieleza kwamba mshipa huo umechubuka, na kwa watoto walio wengi hurudi wenyewe katika wiki au miezi. Aliandika hilo kwenye faili kabla ya upasuaji. Nilipenda alivyoliandika.

Ndipo akanionyesha picha. Tangu mwaka 1959 madaktari wanatumia ngazi alizozipanga Mmarekani John Gartland. Ngazi ya kwanza, mfupa umepata ufa lakini haukuhama; huo unahitaji plasta au banzi kwa wiki tatu hivi, basi. Ngazi ya pili, umepinda kurudi nyuma lakini bado umeshikana upande mmoja. Ngazi ya tatu, vipande vimeachana kabisa. Wa mwanangu ulikuwa wa tatu.

Hapo nilielewa jambo moja kuhusu yule mzee, na naomba akina mama wenzangu mlipime. Mtoto mwenye ufa wa ngazi ya kwanza atapona akifungwa na mzee, atapona akifungwa na bibi yake, pengine hata akifungwa na kaka yake kwa kamba ya mgomba, mradi asikazwe. Huyo ndiye anayeijenga sifa ya mzee. Mwenye ngazi ya tatu hufungwa vile vile, mkono unaharibika, ndipo wanamleta kwetu siku ya nne ukiwa mweusi. Sisi tunaukata. Kijijini wanasema, hospitali wanakata mikono.

Baba watoto alikuwa safarini. Nilimpigia simu. Alichoogopa yeye ni nusukaputi. "Hawawezi kumfunga plasta tu?" aliuliza. Ni swali la maana, nami nilimuuliza daktari kwa niaba yake. Jibu lake lilinifungua macho, muuguzi wa miaka mingi. Ili plasta peke yake iushike mfupa ulioachana namna hiyo, ni lazima kiwiko kikunjwe sana, na kukikunja sana ndiko kunakouziba mshipa wa damu. Ukikiachia mshipa upumue, mfupa unahama. Ukiushika mfupa, mkono unakosa damu. Vyuma vinaondoa ugomvi huo. Vinaushika mfupa kwa ndani, na kiwiko kinalala kwa raha. Mara nikamwona binti wa mwaka 2004 na kiwiko chake kilivyokuwa kimekunjwa ndani ya plasta ile.

"Na tukiuacha upone ulivyo?" niliuliza tena. Utaunga, alisema, lakini ukiwa umepinda, na mtoto hataukulia. Mfupa wa mkono wa juu hurefuka zaidi upande wa bega. Upande wa kiwiko unachangia sehemu moja tu kati ya tano. Kwa hiyo pindo la kiwikoni halinyooki kadiri mtoto anavyokua. Wengi wenye mkono wa namna hiyo hufanya kazi zao zote. Ila utani wa shuleni unauma.

Nikatia sahihi. Niliwahi kuwapa mamia ya wazazi karatasi ile na kuwaonyesha mahali pa kusaini. Siku hiyo niliuliza mahali ni wapi.

Tulisubiri mpaka alasiri, kwa sababu ya uji wa bibi. Mtoto aliyekula hapewi nusukaputi mpaka zipite saa sita hivi, asije akatapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Kwa kuwa mapigo yalikuwa yamerudi na mkono una joto, daktari aliona ni salama kungoja, huku akirudi mara kwa mara kuutazama. Mkono ungebaki mweupe na baridi, wasingengoja. Ndiyo maana nawaambia wanawake wa kanisani kwetu: mtoto akivunjika, msimpe chakula njiani. Najua ni vigumu. Mkono wa mama ukikosa la kufanya hutafuta chakula.

Upasuaji haukuchukua hata saa moja, wala hakupasuliwa. Walimlaza, wakauvuta mkono na kuurudisha mfupa huku wakiutazama kwenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Kisha wakachoma nyaya mbili za chuma kupitia ngozi, kutoka upande wa nje wa kiwiko. Nyaya hizo ni nyembamba, milimita moja na nusu au mbili, na zinaitwa kwa jina la Mjerumani Martin Kirschner, aliyezileta mwaka 1909. Ncha zake ziliachwa nje ya ngozi, zimepindwa, zimefunikwa kwa shashi, na juu yake banzi la plasta la upande mmoja. Mahali pasipo na mashine hiyo, au mfupa ukikataa kurudi, daktari hufungua kwa kisu na kuupanga kwa macho yake. Hata hivyo mkono hupona. Msikatae kwa sababu ya kovu.

Usiku ule nilikaa kitini kando ya kitanda nikivitazama vidole. Saa tatu, saa nne, saa tano. Saa sita akaja muuguzi wa zamu, msichana mdogo, pengine mwaka wake wa kwanza. Sikumwita. Alikuja mwenyewe na tochi, akavigusa vidole kimoja kimoja, akabonyeza ukucha na kuangalia damu ikirudi, akamwambia mtoto, "Nichezeshee kidogo, mwanangu." Saa saba akaja tena. Niligeukia ukutani, nikajifanya nimelala.

Wanawake wa kanisa walikuja kututembelea na chungwa na sabuni, kama ilivyo desturi yetu. Mmoja, tena mwenye moyo mzuri kabisa, alininong'oneza, "Mama, chuma ndani ya mtoto si kitaota kutu?" Nilimwambia ni chuma kisichoota kutu, tena ni mgeni wa wiki tatu au nne tu. Kazi ya mama katika siku hizo ni kuilinda plasta isilowe, kunusa kama kuna harufu mbaya, na kuangalia usaha au homa. Wengine waliomba tumwombee mkono, nasi tulimwombea. Sikuona ugomvi wowote kati ya maombi yale na zile nyaya.

Wiki ya nne tulirudi kliniki, nyaya zikatolewa kwa koleo, bila nusukaputi. Alilia kidogo kuliko anavyolia akinyolewa.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi nyumbani. Kiwiko kilikuwa kimekakamaa, hakinyooki wala hakikunjiki vizuri. Mama mkwe alichemsha maji akaleta mafuta ya nazi ili amkande na kumnyoosha. Ilinibidi nikatae tena, safari hii kwa sauti ya chini. Kiwiko cha mtoto kikikandwa na kuvutwa kwa nguvu, kinaweza kuota mfupa ndani ya nyama na kukakamaa zaidi. Dawa yake ni mtoto kucheza mwenyewe. Tulimwacha arushe mpira, anawe uso, ajivalishe fulana. Duara la vidole lilirudi karibu na Pasaka ya 2017. Mkono ulinyooka taratibu mpaka katikati ya mwaka, na hata leo umebaki na upungufu mdogo ambao mimi peke yangu ninauona.

Kwa yule mzee nilikwenda Januari, nimeongozana na mama mkwe, nimechukua sukari kilo mbili. Sikwenda kugombana. Nilimwamkia, tukazungumza habari za mvua, kisha nikamweleza habari za vidole. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema katika maisha yake ameona mikono mitatu iliyokufa baada ya kuifunga, na siku zote alidhani ni jicho la watu. Hakuniahidi kitu. Lakini tangu siku ile ameleta watoto wawili hospitalini kwetu, mmoja akiwa amembeba mwenyewe mgongoni.

Na mimi na mama mkwe? Tulikaa wiki mbili bila kuzungumza zaidi ya salamu. Siku ya kutoa nyaya alisema naye anakuja kliniki. Akasimama nyuma ya daktari bila kupepesa macho. Kazi ilipokwisha aliziomba zile nyaya mbili. Zilioshwa, akazifunga katika karatasi, na nyumbani akazitia ndani ya kiberiti kitupu. Nilidhani atazitupa. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimkuta chini ya mti na akina mama wenzake wa rika lake, kiberiti kiko wazi kiganjani, anawaonyesha, na anamshika mwanangu mkono wa kushoto akisema, "Haya, baba, wafanyie duara."